Jibu: Kwa nini meduloblastoma hurudi, na ubongo mdogo unahusikaje?

Dada, pole sana. Umeuliza inakuwaje meduloblastoma, uvimbe wa saratani unaoanzia kwenye ubongo mdogo hasa kwa watoto, urudi kwa mtoto ambaye picha zake zilikuwa safi. Picha haioni seli chache zilizobaki. Hizo ndizo zilizohimili dawa na mionzi, na zikikua tena huwa zimeshabadilika. Utafiti uliolinganisha uvimbe wa kwanza na uliorudi ulikuta vinasaba vyake vimetofautiana sana, ingawa kundi la ugonjwa kwa kawaida hubaki lilelile. Kwa hiyo uliza kama inawezekana kuchukua kinyama kipya cha uvimbe uliorudi na kukipima upya. Mimi nalisisitiza hili, kwa sababu dawa iliyolenga uvimbe wa mwanzo huenda haina tena cha kulenga.

Makundi makuu ya ugonjwa huu ni manne: WNT na SHH (yamepewa majina ya njia za mawasiliano za seli zilizoharibika), kundi la 3 na la 4. SHH mara nyingi hurudi palepale ulipoanzia. La 3 na la 4 hurudi zaidi likiwa limesambaa kwenye utando wa ubongo na uti wa mgongo.

Kuhusu ubongo mdogo, ule wa kisogoni: unabeba takribani seli za neva bilioni 69 kati ya bilioni 86 za ubongo wote, na unaendelea kujengwa hata baada ya mtoto kuzaliwa. Seli changa zinazopaswa kukomaa zikikwama njiani, zinaendelea kugawanyika tu, na uvimbe huanzia hapo. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba makundi ya 3 na 4 yanatokana na seli za namna hiyo, tangu mimba. Ndiyo maana wanasaka namna ya kuzikomaza, si kuziua tu.

Mwanao yuko kundi gani?