Feni ya Raspberry Pi 4 haizimi na kitufe kimegoma: yaliyonikuta mimi Moshi

Mkuu wa Sakina, pole. Unasema feni ya Pi 4 yako, hii kompyuta ndogo ya bodi moja, inazunguka usiku kucha japo uliweka mstari wa gpio-fan wa kuiwasha na kuizima kwa joto, ukipima joto unapata nyuzi 48, na kitufe kilichokuwa kinazima bodi vizuri kimekufa tangu ulipoongeza moduli ya saa ya DS3231. Wadau wamekushauri ufute kadi uweke mfumo upya. Usihangaike. Mimi niliufuta mara mbili, na feni ikanipokea kwa kelele zilezile.

Yangu iko kwenye stesheneri hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Inapokea kazi za kuprinti na kutunza mafaili ya wateja. Januari, chini ya bati lisilo na dari, mwenye duka anatoka jasho kabla ya bodi.

Kwanza hakikisha feni inaisikiliza GPIO14, mojawapo ya pini zinazoamriwa na programu. Bodi ikiwa inafanya kazi, andika:

sudo pinctrl set 14 op dl

Feni ikisimama, nyaya zako ziko sawa, ruka aya inayofuata. Ikiendelea, basi umeiunga moja kwa moja pini ya 4 na ya 6, kwa kuhesabu pini kwenye bodi. Pini ya 4 inatoa volti 5 muda wote adapta ikiwa kwenye umeme, hata bodi ikiwa imezimwa. Hapo hakuna programu itakayokusaidia.

Mimi nilipogundua hilo nikajifanya mjanja, nikahamishia waya mwekundu kwenye GPIO. Feni ikatikisika kidogo ikalala. Bahati yangu bodi haikuungua: pini ile ni ya volti 3.3 na mwisho wake ni miliampea 16, wakati feni yangu imeandikwa ampea 0.15, yaani miliampea 150. Fundi redio mmoja pale sokoni alicheka, akachomoa transista ya S8050 kwenye mzoga wa redio, akanidai hela ya soda. Waya mwekundu unabaki volti 5. Mweusi unaingia kolekta, emita inakwenda graundi, na besi inaungwa kwenye GPIO kupitia rezista ya kilo-omu 1. Weka na dayodi sambamba na feni, mstari wake uelekee waya mwekundu, maana mota ikikatiwa umeme inarudisha mpigo unaoweza kuua transista.

Sasa kwako wewe nadhani ugonjwa uko hapa. Mstari wako ni huu:

dtoverlay=gpio-fan,gpiopin=14,temp=55000

Hiyo 55000 ni nyuzi 55. Wengi tunadhani feni itawaka 55 na kuzima ikishuka chini ya 55. Hapana. Kuna pengo la nyuzi 10 ambalo usipoliandika linawekwa lenyewe, ili feni isiwe inawaka na kuzima kila dakika. Ikishawaka 55, inasubiri mpaka 45. Wewe uko kwenye 48. Itazima lini? Mimi nilikuwa nakaa 50 mchana kutwa, nikailaumu feni ya watu bure. Niliandika temp=65000, inazima ikifika 55, na duka limetulia. Usiogope 65, bodi inaanza kujipunguzia kasi ikifika 80.

Na mistari hii uihariri kwenye faili la /boot/firmware/config.txt. Kwenye Bookworm, toleo la Raspberry Pi OS, lile la zamani la /boot/config.txt halisomwi tena. Nilipoteza jioni nzima humo.

Ushauri wa pembeni: hama GPIO14. Ndiyo inayotoa ujumbe wa siriali (maandishi ambayo bodi inayatuma kwa waya kwenda kompyuta nyingine), kwa hiyo siriali ikiwa imewashwa feni itakuwa na kwikwi bodi inapoamka. Mimi natumia GPIO18.

Kitufe sasa. Mstari wa dtoverlay=gpio-shutdown bila maelezo mengine unatumia GPIO3, yaani pini ya 5, na graundi iko jirani pini ya 6. Uzuri wake ni kwamba GPIO3 hiyohiyo ndiyo inayoiamsha bodi iliyolala, kwa hiyo kitufe kimoja kinazima na kuwasha. Ubaya wake, GPIO3 ni waya wa I2C pia, yaani njia ambayo bodi inaongea na moduli kama ya saa. Ulipowasha I2C kwa ajili ya saa, saa imechukua chumba na kitufe kimebaki mlangoni. Kuhamisha kitufe inawezekana, kitazima, ila hakitawasha tena. Kwa hiyo ihamishe saa. Ondoa dtparam=i2c_arm=on na mstari wa zamani wa saa, weka:

dtoverlay=i2c-rtc-gpio,ds3231

Hapo SDA na SCL, nyaya mbili za I2C zilizoandikwa kwenye moduli ya saa, zinakwenda GPIO23 na GPIO24. Tahadhari, maana hapa ndipo nilipojikwaa: GPIO24 iko kwenye pini ya 18, na GPIO18 iko kwenye pini ya 12. Ni kama mtaani kwetu, nyumba ina namba moja ukutani na nyingine kwenye bili. Nilichomeka waya wa saa kwenye transista ya feni, nikakaa siku mbili saa haisomeki. GPIO23 ni pini ya 16.

Kitufe chenyewe kiwe cha kubonyeza kinachorudi. Kile kinachobaki ndani hakifai hapa.

Ukimaliza, endesha vcgencmd get_throttled, inaonyesha kama bodi imekosa umeme wa kutosha au imejipunguzia kasi. Ikitoa 0x0 uko salama. Ikitoa 0x50005, adapta yako haitoshi, na hayo ni mazungumzo mengine kabisa. Weka hapa jibu lake na picha ya nyaya, nitaangalia nikishafunga duka.