Kulala kwenye hema kando ya mto Zigi: ogopa maji kabla hujaogopa nyoka

Kila nikimwambia mtu naenda kulala porini Amani swali la kwanza ni nyoka, la pili ni chui, kuhusu maji haulizi mtu. Na wengi ninaowaona wanarudi kutoka kule wamenuna hata mkia wa nyoka hawajauona, wamelowa tu. Wamelowa, nguo zimelowa, unga umelowa, basi safari nzima imeharibika na lawama anabebeshwa msitu.

Kwa wasiopajua, hii ni Usambara Mashariki, unaingilia Muheza mkoa wa Tanga. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa 1997 na inasimamiwa na TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ukitoka Muheza, kabla hujaanza kupandisha mlima wenyewe unakutana na geti la Zigi, na hapo hapo pana sehemu ndogo ya kupiga kambi, mto uko karibu kabisa unausikia usiku kucha. Ile nyumba ya kizamani utakayoiona ilikuwa ya stesheni ya reli ya Wajerumani, reli yenyewe ilikuwa inatokea Tengeni kuja kusomba magogo, siku hizi imebaki nyumba tu. Wengine hupitiliza juu Amani kwenyewe, kule kuna baridi nzuri na mashamba ya chai, ila mimi napenda Zigi kwa sababu ya mto.

Sasa kosa ninaloliona sana ni watu kufika na kukimbilia kuweka hema pale pale kwenye ukingo, eti picha itoke nzuri. Jamani. Mto wa mlimani haupandi kwa mvua iliyokunyeshea wewe, unapanda kwa mvua iliyonyesha huko juu, wewe uko chini umeota jua wala huna habari. Kabla hujatua begi tembea kidogo ukingoni uangalie vichaka na mizizi, utaona majani makavu, vijiti na takataka zimenasa kwa juu kidogo ya maji, huo ndio mstari wa mto wenyewe, ndipo ulipofika mara ya mwisho ulipojaa. Hema lako liwe juu ya huo mstari na upande zaidi. Na maji ukiyaona ghafla yamebadilika rangi yamekuwa ya udongo, au vijiti na majani vimeanza kupita kwa wingi, kama kuna mtoto anaogelea mtoe hapo hapo, usisubiri uone kina. Mawe yenyewe pale yana utelezi wa ajabu, usimdanganye mtu kwamba ataruka ruka na ndala.

Ukishapata sehemu inua macho. Tawi kavu likiwa juu yako hama, kwa sababu miti ile ni mirefu na tawi likidondoka halichagui. Halafu chagua penye mteremko kidogo, panapoonekana sawa kama sakafu ndipo maji yanapotuama.

Kingine ambacho wauza mahema hawakwambii, ile turubai ya kutandika chini isitokeze nje ya hema hata kidogo. Ikitokeza inakinga maji ya mvua na kuyapeleka chini ya mgongo wako, yaani umejitengenezea bwawa kwa hela yako. Ikunjie ndani. Turubai nyingine kubwa ifunge juu kwa kamba kati ya miti, hii ndiyo inakupa raha kwa sababu mnapata pa kupikia na kukaa, na pia mnaweza kuacha madirisha ya hema wazi hata ikinyesha. Watu wakisikia mvua wanafunga kila zipu, asubuhi wanakuta ndani kote kuna maji wanasema hema linavuja, kumbe ni pumzi zao wenyewe zimeganda kwenye kitambaa, msitu ule una unyevu mwingi kweli na hewa isipopita mtaamka mmelowa bila tone la mvua kuingia.

Nguo zako weka kwenye ndoo. Ndiyo, ile ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu 2019 na mabegi ya maana yasiyopitisha maji bei yake si ya mtu wa kawaida, ndoo inafanya kazi ile ile, mchana ni kiti, jioni unaogea. Ndani yake lazima kuwe na nguo za kulalia na soksi ambazo HAZITOKI nje ya hema hata iweje, hata kama ulizovaa zimelowa chapa chapa na unaona uvivu kubadili asubuhi, vaa zile zile mbichi utembee zitakaukia mwilini.

Turudi kwa wadudu, maana najua mnasubiri. Nyoka wapo, tembea na tochi usiku, kagua viatu asubuhi, inatosha. Wa kuwaheshimu ni siafu. Siafu hawana habari na wewe, wana safari yao, shida ni kama umelala njiani kwao. Jioni kabla hakujaingia giza zunguka hema polepole uangalie chini, ukiona mstari mweusi unaotembea sogeza hema mapema. Wakija usiku usipigane nao wala usimwage maji, watatawanyika wapande kila kona. Toka, nenda mbali, vua nguo zote bila aibu uwatoe mmoja mmoja, na yule askari wao ukimvuta kiwiliwili kinakatika kichwa kinabaki kimeng'ang'ania ngozi. Waache wapite, wakimaliza kazi yao wanaondoka. Makombo ya chakula ndani ya hema ndiyo mwaliko wenyewe, kwa hiyo karanga na biskuti zilie nje.

Na usiku utasikia sauti ya kitu kinakoroma halafu kinapiga kelele kama mtu ananyongwa. Huyo ni perere, mnyama mdogo tu anakaa mitini anakula majani. Waambieni wageni mapema, la sivyo kuna mtu atataka kurudi Muheza saa nane za usiku.

Kupika, nendeni na mkaa au jiko dogo la gesi, kuni za kule ni mbichi mwaka mzima na kwenye hifadhi hukati kuni wala huwashi moto popote unapojisikia, uliza pale ofisini sehemu ya moto ni ipi. Machungwa nunueni Muheza, na mkipata iliki ya watu wa milimani weka kwenye chai, utanishukuru. Vyombo na mwili msioshee mtoni na sabuni, chota maji usogee pembeni, huo mto ndio unaonywesha jiji la Tanga.

Chandarua ni lazima, watu wanasema milimani hakuna mbu lakini Zigi iko chini bado, joto lipo na mbu wapo. Malipo ni kwa kontrol namba, maliza mambo ya simu ukiwa bado Muheza maana mtandao wa kule unategemea bahati. Usafiri wa umma upo ila ni wa kuhesabu, ulizia stendi gari la kurudi linapita saa ngapi kabla hujapanda la kwenda, bodaboda zipo ila na mzigo wa hema na ndoo utateseka. Miezi, mimi nakwepa Machi mpaka Mei, ile ni masika hasa na barabara inakuwa tope. Januari na Februari ni nzuri, Juni mpaka Septemba pia, ingawa mvua kule haijawahi kusoma kalenda.

Siku ya kuondoka hema litakuwa bichi tu, likunje hivyo hivyo, ila ukifika nyumbani hata kama umechoka vipi litandaze siku hiyo hiyo, kwenye kamba, ukutani, popote. Ukilisahau stoo wiki tu linaota ukungu, na ile harufu hata ufue na sabuni gani haitoki.