Kaskazi mgongoni, au nilivyojidanganya kabla ya mita 800

Jumamosi nilisimama kando ya uwanja hapa Malindi, saa ya kubonyeza mkononi, nikitazama vijana wetu wapya katika hiti, yaani mbio za mchujo, za mita 800. Mmoja alitoka kama aliyeporwa simu. Mita 300, yuko mbele ya wenzake mita 15 na wanafunzi wanapiga kelele hadi barabarani. Mita 550, mabega yamempanda masikioni. Alimaliza wa sita, akajibwaga kwenye nyasi, akaniuliza, "Kocha, nimekosea wapi?" Mimi si kocha. Nabeba koni, nashika saa, natafuta spaiki, vile viatu vya misumari, zilizopotea. Nikamwambia anywe maji kwanza. Ila swali lake nilikwenda nalo nyumbani, maana nami niliwahi kulala kwenye nyasi hizo hizo nikiuliza vivyo hivyo. Basi wadogo zangu, hiti, leni na fainali mnazijua, sianzi huko. Nawaandikia yale mnayoyarudia kila mwaka mpaka nywele zangu zinaisha.

1. Mlio. Kwenye 800 na 1500 hakuna "tayari". Ni "jipangeni", kimya, halafu bastola. Kila msimu kuna mtoto anayesubiri neno la pili, akija kushtuka wenzake wako konani. Na ukitoka kabla ya mlio umejitoa mwenyewe, hakuna nafasi ya pili kwa mujibu wa sheria, hata kama shuleni kwenu mwalimu huwa anasamehe.

2. Leni. Ukipewa leni ya nje utapangwa mbele ya wengine, na hutamwona mtu. Usifurahi, huongozi. Umesogezwa mbele kwa sababu kona yako ni ndefu. Kaa katika leni yako mpaka mstari wa kuingilia, pale unaporuhusiwa kuiacha leni yako, mwisho wa kona ya kwanza, halafu usikate ghafla kama kuku anayevuka barabara. Ingia kidogo kidogo, lenga kona inayofuata. Na huo mstari nenda ukautazame kabla ya mbio kwa macho yako, kwa sababu viwanja vyetu ni vya chokaa na koni mbili. Kuna mwaka koni moja ilichukuliwa na watoto wakaifanya goli. Tukakimbia hiti mbili tukiingilia penye ndala ya mwamuzi.

3. Kona. Ukizunguka raundi nzima katika leni ya pili umejiongezea kama mita 7. Kwa mwendo wenu hiyo ni sekunde nzima, mmeitupa bure. Mkitaka kumpita mtu, mpiteni mahali pamenyooka.

4. Upepo. Hapa nitakaa.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mazoezi yangu yote nilifanya ufuoni, kwa sababu maji yakikupwa mchanga wa Silversands unakuwa mgumu kama sakafu na hakuna wa kukufukuza. Ammi yangu ni mvuvi. Nilichukua kipande cha kamba yake, nikakipima mita 50 kwa utepe wa fundi cherehani, nikakilaza mchangani mara 16, nikachomeka vijiti. Nikajiona mhandisi. Msimu wa riadha za shule ndio huu wa mwanzo wa mwaka, na mwanzo wa mwaka Malindi ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki. Alasiri inavuma kweli kweli. Mimi nilikuwa naanzia Silversands nikielekea Casuarina, yaani kusini, kaskazi yote mgongoni, shati limejaa kama tanga. Nikifika kijiti cha mwisho natazama saa. Siku moja ikasema dakika 1:58.

Kurudi? Kurudi nilipanda tuktuk. Jua, mchanga wa macho, nimechoka, nina shilingi hamsini. Wiki sita nilikimbia upande mmoja wa dunia.

Ile 1:58 niliitangaza. Nilimwambia bibi, ambaye hakujua kama ni nzuri au mbaya lakini aliomba dua. Niliiandika kwa kalamu ndani ya dawati. Nilimwambia mvulana mmoja wa leni ya pili asubuhi ya mashindano yenyewe, bila kuulizwa. Bado hilo linaniamsha usiku.

Uwanja wenyewe, upande wa nyuma unakwenda na kaskazi na upande wa kumalizia unakwenda dhidi yake. Mtu yeyote aliyesimama pale dakika moja angeona bendera. Mimi nilikuwa natazama miguu ya watu, nani ana spaiki na nani yuko pekupeku. Bastola ikalia, nikaingia ndani baada ya kona, na upepo ukanibeba. Nilipita watu wanne bila kuhema. Nakumbuka wazo lililonijia, neno kwa neno: kumbe ni rahisi hivi. Tukapinda kona, na kaskazi ikanipiga kifuani kama mlango uliofungwa. Nikakaza, maana anayeongoza hawezi kupunguza mbele ya shule nzima. Nyuma yangu kulikuwa na mvulana mmoja mrefu, mtulivu, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi zake. Zilikuwa pumzi za mtu anayetembea kwenda dukani. Nikajiambia amechoka, hawezi kunipita. Hakutaka kunipita. Alikuwa amepata ukuta unaotembea, wa nini kuuacha?

Raundi ya kwanza sekunde 57. Upande wa nyuma tena, upepo tena, nikaongeza tena, kwa ujeuri tu. Mita 600 magoti yakagoma kupanda. Sijui nieleze vipi: nilikuwa nakimbia nimekaa. Yule mrefu akanipita konani, taratibu, kwa leni ya pili, ile ile ninayowakataza hapo juu, na bado aliniacha. Mita 100 za mwisho dhidi ya kaskazi nilipitwa na wengine watano. Wawili nilijua nimepitwa kwa vivuli vyao, shingo ilikuwa haigeuki. 2:16.

Ammi alikuwepo. Tuliondoka kwa miguu, yeye ndala mkononi, hatusemezani. Tumekaribia nyumbani akauliza, "Kwani kule ufuoni ulikuwa ukirudi vipi?" Nikasema kwa tuktuk. Akanyamaza hatua tatu nne, halafu akacheka mpaka akaegemea ukuta wa watu. Mtu ameishi miaka thelathini kwa kujua upepo uko wapi, mpwa wake anaye nyumbani, na mpwa hakumuuliza hata siku moja.

Najua mtaniletea Rudisha, bingwa wetu wa Olimpiki wa mita 800. Kila mwaka ananiletea mtu. "Mbona Rudisha aliongoza mwanzo mwisho London 2012 akaweka rekodi ya dunia?" Ndiyo, 1:40.91. Raundi ya kwanza 49.28. Fanyeni hesabu ya raundi ya pili: 51.63. Hata yeye, siku bora ya maisha yake, raundi ya pili ilimpunguza mwendo kwa sekunde mbili na kitu. Mimi kati ya raundi yangu ya kwanza na ya pili zilikuwa sekunde 22. Ungeweza kunywa kahawa.

Wala msinieleze habari za watu wa bara na mwinuko. Iten, ule mji wa wakimbiaji kule bara, iko mita 2,400 juu, sisi tuko sawa na bahari, sawa, hilo lipo na ni kubwa. Lakini yule mrefu alizaliwa hapo Barani, mtaa wa hapa hapa Malindi, na jioni alikuwa anauza madafu. Alichonishinda ni kwamba aliitazama bendera.

Dawa yake ni fupi: penye upepo wa uso jifiche nyuma ya mtu, ukae kwenye bega lake la nje ili usifungiwe ndani.

5. 1500. Mstari wa kumalizia mtaupita mara nne: mita 300, 700, 1100 ambapo kengele ya raundi ya mwisho inalia, na 1500. Kengele si mwisho! Yupo binti mmoja msimu uliopita aliinua mikono kwenye kengele, akatafuta mama yake jukwaani, mama naye anampungia akimwambia nenda, binti anadhani anapongezwa. Nilicheka, halafu nikajificha nyuma ya mti kwa aibu ya kucheka.

6. Spaiki za kuazima zijaribuni wiki moja kabla, si asubuhi ile. Mahamri na mbaazi ni baada ya mbio. Maji mnywe tangu jana yake, joto letu lina unyevu na jasho halikauki mwilini. Mchanga wa ufuoni umeinama kuelekea majini, kwa hiyo mkikimbia upande mmoja tu, mguu mmoja ndio utakaolipa. Hili nililijua kwa kifundo cha mguu wa kushoto, na sababu yake ni ile ile ya tuktuk.

Jumamosi hii maji yanakupwa alasiri. Tukutane upande wa Casuarina, kijiti cha kwanza nitakichomeka mimi, na tutakimbia kurudi mjini, kaskazi usoni. Nauli acheni nyumbani. Na yule wa sita, mwambieni aje na kamba.