Kwa nini wenzetu wameinuka na sisi bado?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mvuvi, naishi pwani ya Kilwa. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024 tuliumia sana. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika kule Somanga, bidhaa zikapanda bei, nyumba za udongo zikaanguka, vyombo vikagongana bandarini. Kitongoji chetu na cha jirani tulipata hasara ile ile, na msaada ulikuja kwa lori moja tukagawana. Leo wenzetu wanavua na wameshaezeka. Kwetu bado kuna familia zinaishi kwa ndugu. Hawatuzidi mali. Wazee wanasema wenzetu wana baraka. Je, ni hivyo tu?
Msomaji, Kilwa

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Baraka sizikatai. Lakini nimekuwa afisa maendeleo ya jamii katika mkoa huu wa Lindi tangu ujana wangu hadi kustaafu, na kila baada ya mafuriko nimeona jambo lile lile: wanaoinuka mapema ni wale waliokuwa wamezoea kukutana, kuchangishana na kuaminiana na hela kabla maji hayajaja. Maji yakishaingia ndani, kuanza kuaminiana ni kazi ngumu mno.

Nikupe mfano wa hapo hapo Kilwa. Januari 2020 mto Matandu ulipofurika, kijiji kimoja ambacho sitakitaja kilikuwa na kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Unavijua vikundi hivi: sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zake wanazo wanawake watatu wa nyumba tofauti ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Mama aliyekuwa anatunza sanduku alitoka nalo kichwani, godoro akaliacha. Siku yao ya kikao ilipofika, wakakaa kikao. Matope yalikuwa hayajakauka, wengine walikuwa wamevaa kanga za kuazima, na bado katibu alifungua daftari akaita majina. Aliyeitwa asiitike, waliulizana yuko wapi. Mmoja ikajulikana yupo Nangurukuru kwa dada yake. Mwingine hakuna aliyejua habari zake, wakatuma vijana wakamtafute. Walimkuta kwenye banda la shamba na homa kali, yeye na mjukuu wake, hawajala.

Mwanangu, hakuna lori la msaada ambalo lingempata yule mama. Alipatikana kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye daftari na kuna watu walioikosa sauti yake.

Baada ya hapo ndipo wakahesabu mfuko wa jamii, ile hela ndogo ya pembeni ambayo kila mwanachama huchangia kwa ajili ya shida. Ilikuwa kidogo kweli. Wakanunua majembe, mbegu za kunde na mahindi ya muda mfupi, wakapanda udongo ukiwa bado na unyevu wa mafuriko. Hayo si maajabu, jirani zetu wa Rufiji wana kilimo chao cha mlao, cha kupanda maji yanaporudi mtoni, tangu enzi za mababu. Lakini kupanda kunataka mbegu iwepo wiki hiyo hiyo. Kijiji cha pili, ng'ambo kidogo ya pale, walikaa wakisubiri mbegu za serikali, na zilipofika ardhi ilikuwa imeshakauka.

Usidhani haya ni mambo ya kwetu tu. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko lilipiga mji wa Kobe, Japani, alfajiri, likaua watu zaidi ya 6,400. Moto ukazuka mitaani. Katika mtaa wa Mano wakazi walijipanga mstari pamoja na wafanyakazi wa viwanda vya pale, wakapokezana ndoo za maji hadi wakauzuia moto. Mtaa wa jirani, Mikura, watu walisimama wakitazama nyumba zao zinaungua. Mji ni mmoja, tetemeko ni moja. Ila watu wa Mano walikuwa wameshikana tangu miaka ya 1960, walipopambana na viwanda vilivyokuwa vinawachafulia hewa. Walishazoea kuitana na kuitikiana.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Daniel Aldrich, ambaye nyumba yake mwenyewe ilizama kwenye mafuriko ya kimbunga Katrina huko New Orleans mwaka 2005, amelinganisha maafa kadhaa, likiwemo lile la Kobe na tetemeko la Tokyo la 1923. Huko Tokyo aliona kwamba sehemu ambazo watu walijitokeza zaidi kupiga kura na kuandamana ndizo zilizojaa wakazi tena kwa haraka. Ukubwa wa hasara na wingi wa msaada haukueleza tofauti hiyo vizuri kama mshikamano ulivyoieleza.

Sisemi fedha haina kazi. Nyumba ya tofali na bati hukauka, mwenyewe akaingia ndani, mwenye nyumba ya udongo huanza na kukata miti. Ila wewe umesema mwenyewe kwamba wenzenu hawawazidi mali, kwa hiyo tutazame walichowazidi.

Nenda kawaulize walianza na nini. Mimi nadhani walianza na chombo. Mashua moja inabeba mabaharia wengi, na nyuma ya kila baharia kuna nyumba. Tajiri, yaani mwenye chombo, akiachwa peke yake na mashua iliyopasuka, atangoja apate hela ya fundi, na muda wote huo nyumba zote hizo zinangoja naye. Lakini watu wakikubaliana kwamba leo tunaivuta hii, fundi anapigilia mbao, vijana wanatia kalafati, kesho tunahamia ya fulani, basi mapema kuna samaki, na samaki ndiye anayenunua bati. Nimeona vijiji vikigawana msaada nyumba kwa nyumba kwa usawa kabisa, kila mtu akapata misumari na bati mbili tatu zisizotosha hata upande mmoja wa paa, na bado hakuna chombo kilichoshuka majini. Usawa wa namna hiyo unatoka moyoni, lakini unachelewesha watu.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Mshikamano huo huo unaweza kuwafungia wengine nje. Baada ya tsunami ya 2004, kule Tamil Nadu nchini India, msaada ulipita kwenye mabaraza ya wavuvi, na mabaraza yale yalifanya kazi upesi. Lakini wajane, watu wa Dalit, tabaka linalobaguliwa kule, na wageni wengi hawakuwemo kwenye orodha zao. Na sisi tuna wetu. Fikiria wavuvi wa dago, waliopiga vibanda vya makuti ufukweni kwa msimu. Dhoruba inabeba kibanda, nyavu na sufuria, halafu orodha inaandikwa kwa nyumba za wakazi. Yeye si mkazi, hana nyumba, hana balozi wa kumsemea. Au mjane ambaye kwenye daftari la kijiji nyumba bado ina jina la marehemu mumewe. Linasomwa mkutanoni, hakuna wa kuitika, mwenyekiti anapita jina linalofuata. Nimekaa kwenye mikutano hiyo chini ya mkorosho nikanyoosha mkono, na bado nimeona mama akiondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo, mwanangu, orodha yenu iandikwe kabla ya mvua zijazo, tena iandikwe na watu wa pande zote za kitongoji. Andikeni nani anaishi wapi, nani ana mgonjwa asiyeweza kutembea, vyombo vya nani, mashine ya nani, na wa dago wako wangapi msimu huu. Nakala moja ikae kwa mtendaji wa kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati ya maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Muulizeni mwenyekiti kamati yenu ni akina nani. Kama majina yapo kwenye karatasi tu, ombeni mkutano mchague wanaoweza kutembea usiku na wasioogopa kugonga mlango wa ofisi ya wilaya. Kijiji kinachofahamiana chenyewe lakini hakina mtu anayejulikana wilayani hungoja sana.

Na wale wanaoishi kwa ndugu, mkipewa viwanja sehemu ya mwinuko, shikilieni wapewe pamoja, majirani wa zamani kwa majirani. Kobe waligawa makazi ya muda kwa bahati nasibu, wakiwatanguliza wazee na wagonjwa. Nia ilikuwa njema, lakini wazee wakajikuta kati ya watu wasiowajua, na wengi walifia vyumbani peke yao bila mtu kugundua hadi siku zipite. Katika maafa yaliyofuata, Wajapani walianza kuhamisha mitaa ikiwa pamoja.

SWALI: Bibi, dada yangu aliolewa Macomia, ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 2019 sisi wa Mtwara tulihamishwa mabondeni kwa hofu ya kimbunga Kenneth, kikaenda kuwapiga wao. Miaka yote hii hawajainuka. Na wao wanashikana sana, kuliko sisi.
Msomaji, Mtwara Vijijini

JIBU: Pole, mwanangu. Wanashikana, ndiyo, lakini Kenneth aliingia Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji aliko dada yako, tarehe 25 Aprili 2019 akakuta vita imeshaanza tangu Oktoba 2017. Watu zaidi ya 700,000 walihama makwao. Huwezi kuezeka nyumba unayoikimbia, wala kuvuna shamba usilolirudia. Kisha Desemba 2024 kimbunga Chido kikapiga tena mkoa ule ule. Tusiwapime kwa kipimo cha watu wenye amani.

Kama dada yako yuko kwenye makazi ya waliohama, muulize watu wa kijiji chao wako wapi, na kama wako karibu naye. Ninyi ndugu mlioko Mtwara, badala ya kila mmoja kutuma chake kidogo kwa wakati wake, zikusanyeni zitumwe kwa pamoja, na wao wenyewe waamue kama ni majembe, mtumbwi au ada za watoto.