Jibu: Wanafunzi wanachanganya kete za chesi, nianzie wapi?

Kamwene mwalimu. Umeuliza uanze na kete ipi, maana wanafunzi wako 40 huko Makambako wanazichanganya zote na una mbao mbili tu. Anza na askari peke yao, 8 kwa 8. Anayefikisha wake mwisho wa ubao kwanza, kashinda. Ngome na askofu hawasumbui, utawapachika baadaye.

Kwa nilivyoona hapa Mafinga, kinachosumbua hasa ni drafti. Watoto wamekulia kwenye vizibo vya soda, kwa hiyo akiona kete ya mwenzake anairuka, tena anadhani kula ni lazima. Waambie mapema: huku unakalia mraba wa yule unayemla, na usipotaka unamwacha. Askari naye kigeugeu, anakwenda mbele moja kwa moja ila anakula kwa mshazari.

Farasi mimi namfundishia uwanjani, nachora miraba 64 kwa majivu. Mtoto anahesabu miwili mbele, mmoja pembeni. Akiwa katikati ana pa kwenda 8, akiwa kona ana 2 tu. Wanacheka sana wakijikuta kona. Mvua zikianza hamia darasani na chaki, majivu hayadumu.