"Very important" kila mstari?

SWALI: Nauza sangara na dagaa Kirumba, Mwanza. Wateja wa nje huniandikia kwa Kiingereza, nami kila jambo naliita "very important". Nitumie nini kingine?

JIBU: Anza na "essential", yaani kitu ambacho kikikosekana kazi haiendi: "Ice is essential for fresh fish." Usitangulize "very", kwani neno lenyewe limeshafika kileleni, ukitaka kukazia, andika "absolutely essential". Ukiendelea na "It is essential that", kitenzi kinachofuata hubaki bila "s": "It is essential that the truck arrive before six." Hapo hata waliosoma sana huteleza.

"Crucial", tamka "kruushol", ni kwa jambo linaloamua matokeo: "The first two hours are crucial." "Significant" ni kubwa kiasi cha kuonekana, mfano bei iliyoshuka: "a significant drop in price". Haimhimizi mteja kufanya lolote.

"Matter", yaani kuwa na umuhimu, hapa ni kitenzi, hakitaki "is". Andika "Weight matters", siyo "Weight is matter".

Mzigo wa haraka uite "urgent", lakini si kila barua. Mnunuzi atakuzoea na kupuuza.