Panda shubiri ya kwetu, ndege chozi watakuja wenyewe

Kiangazi kikikolea hapa Kitengela, nyasi hugeuka rangi ya vumbi na bomba hutoa upepo mtupu. Msimu huohuo shubiri zangu huchanua. Sisemi ile yenye asili ya Arabuni tunayopaka usoni. Nasema shubiri ya porini, Aloe secundiflora, ambayo Wamaasai huiita osukuroi.

Shina la ua hupita kiuno changu, kisha hutawanya matawi yaliyolala, na maua mekundu hujipanga upande wa juu tu wa kila tawi. Chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maji matamu ya maua, hupenda kutua anapokula, naye hapo amepata kiti. Anazamisha mdomo wake uliopinda, anainua kichwa paji likiwa na unga wa njano, mara yuko shubiri ya pili. Kwa hiyo usipande moja. Nyingi hazishiki mbegu kwa chavua yake zenyewe. Panda angalau tatu, zikaribiane.

Miche yangu sita ya kwanza niliiua kwa mapenzi. Udongo wetu mweusi hushika maji, nami nilikuwa namwagilia kila jioni kama sukuma wiki. Mvua za Aprili zilimalizia kazi: nilivuta jani moja, mche mzima ukaja mkononi, chini umekuwa uji unaonuka. Sasa hupanda juu ya tuta la kokoto na maramu, kimo cha goti, penye jua la kutwa. Samadi siweki. Mche mchanga naupa maji kidogo kila wiki mbili hadi ushike, baada ya hapo naiachia mvua.

Tafadhali usiende kung'oa porini. Tangu amri ya rais ya mwaka 1986, Kenya imezuia kuvuna shubiri za mwituni, na mimi naona ni haki, maana zilikuwa zikimalizwa. Omba mbegu kwa aliyepanda. Vitumba vikikauka na kuanza kupasuka, vikusanye kabla ya upepo, umwage mbegu juu ya mchanga wenye unyevu, uzifunike kidogo tu. Uwe na subira: zangu zilichukua miaka minne kutoa ua.

Majirani wafugao kuku watakuomba majani ya kuloweka kwenye maji ya kuku. Wape yale ya chini kabisa, mawili matatu kwa kila shubiri, na mvae nguo kuukuu. Utomvu wake wa njano hautoki.